Mashine Ngeni katika Motokaa Kuukuu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake ufundi wa mikono na akili ya kupambanua, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Huenda ndugu zetu wasomaji wakastaajabu kumwona mwalimu wa chuo akiandika habari za motokaa katika kurasa zilizozoea habari za sala, zaka na malezi ya watoto. Lakini dini yetu haibaki msikitini tunapotoka. Hufuatana na mja mpaka sokoni na karakanani, na huko ndiko uchamungu wa mtu unakopimwa.

Sisi tunasomesha Kurani watoto wa Kiislamu katika mji mmoja wa Uingereza, na chumba cha chuo chetu kimepakana ukuta na karakana ya fundi mmoja, mtu wa pwani ya kwetu. Kazi yake ni kutengeneza motokaa za zamani za Kiingereza, zile ndogo za watu wawili, zipendwazo kwa wepesi na mwendo. Wenyeji huzienzi kama wazee wetu walivyoenzi makasha ya njumu na milango ya nakshi. Wako wazitakao zibaki kama zilivyotoka kiwandani, na wako wanaoitoa mashine ya asili wakatia nyingine yenye nguvu zaidi. Katika kazi hii ya pili tumeona mafunzo ambayo si haki kuyaficha.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, Carroll Shelby, aliyekwisha acha mashindano ya motokaa kwa maradhi ya moyo, aliwaandikia barua watengenezaji wa AC, Thames Ditton. Motokaa yao iitwayo Ace ilikuwa ikitumia mashine ya Bristol, na mashine hiyo ilikuwa inakaribia kwisha kuundwa. Shelby akaomba atie ndani yake mashine ya Kimarekani ya silinda nane, nao wakaridhia. Mwaka 1962, kwa mashine ya Ford, ikazaliwa Cobra. Mwaka 1964 watu wa Rootes nao wakatia mashine ya Ford katika Sunbeam yao, wakaiita Tiger. Lakini mwaka 1967 Rootes waliingia mikononi mwa Chrysler, na Tiger ikakoma, kwani haikuelekea kampuni kuuza motokaa iendeshwayo kwa mashine ya mshindani wake.

Ama tuliyoiona sisi kwa macho yetu ni ile iitwayo MGB, iliyoundwa Abingdon tangu 1962 mpaka 1980. Mashine yake ya asili ni ya chuma, ina silinda nne, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,798. Wengi huitoa wakatia ya Rover, yenye silinda nane na sentimita 3,528. Mashine hiyo asili yake ni Marekani kwa Buick, na Rover walipata haki ya kuiunda mwaka 1965. Kwa kuwa ni ya alumini, silinda zake ni maradufu lakini uzito wake haukuizidi sana ile ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ken Costello alikuwa akiuza MGB za namna hii, na mwaka 1973 kiwanda chenyewe kikafuata, kikaunda MGB GT V8 zipatazo 2,591 mpaka mwaka 1976.

Tulimwuliza jirani yetu, "Je, kazi hii ni ngumu?" Akatujibu: "Maalim, kuitoa mashine moja na kuishusha nyingine ni kazi ndogo. Kazi ni kuifanya motokaa imkubali mgeni wake."

Akatuonyesha moja baada ya moja. Mashine yenye nguvu hutoa moto mwingi, basi rejeta ile ya zamani haitoshi. Mabomba ya moshi hupita karibu na mti wa usukani, na lazima yapate nafasi. Klachi, giaboksi na difu zilipimiwa nguvu ndogo, na nguvu kubwa huzivunja. Juu ya yote ni breki. Motokaa iliyoongezewa mwendo bila ya kuongezewa uwezo wa kusimama ni hatari kwa aliye ndani na kwa mtoto avukaye njia. Watu wa Abingdon walilijua hilo. Walipotia mashine ya silinda nane waliisogeza rejeta mbele, wakaweka feni mbili za umeme, na sahani za breki za mbele wakazifanya nene zaidi.

Sasa tutaje lililotufanya tushike kalamu. Alikuja kwa jirani yetu mtu mmoja na MGB yake, akataka itiwe mashine ya Rover. Kazi ilipofika nusu akaleta masharti mawili. La kwanza, breki ziachwe zile zile, apate kupunguza gharama. La pili, hati ya malipo iandikwe kuwa mashine imetengenezwa, isiandikwe kuwa imebadilishwa, maana alikusudia kuiuza motokaa hiyo, na mnunuzi hakuwa na haja ya kujua. Nasi tufahamu kwamba katika nchi hii mwenye kubadili mashine hupaswa kuijulisha idara ya leseni, ili kadi ya motokaa iandikwe upya, na hupaswa kuwaambia watu wa bima. Akificha, bima yaweza kukataa kulipa siku ya ajali, na msiba wote ukamwangukia yule aliyenunua kwa nia safi.

Fundi alitujia baada ya sala ya magharibi, uso umemwiva kwa fikira. Kodi ya karakana ilikuwa imekaribia, na ujira wa kazi ile ndio aliokuwa akiutegemea. Tulimkumbusha habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta umande chini ya ile kavu, akamkemea mwenye kuuza kwa kuwa hakuudhihirisha umande ule watu wauone. Tukamwambia: "Bwana fundi, boneti inayong'aa ndiyo nafaka kavu, na breki dhaifu ndiyo umande. Kalamu yako isiwe mkono wa kufukia."

Akamrudia mteja, akakataa yote mawili. Mteja akaghadhibika, akaichukua motokaa kwa fundi mwingine, na ujira wa nusu iliyokwisha fanywa hakuulipa. Hatusemi kwamba kesho yake milango ya riziki ilifunguka kwa muujiza. Mwezi ule jirani yetu alilipa kodi kwa kukopa. Lakini alilala usingizi, na hakuna mwenye yatima atakayesimama mbele ya Mola wake kumdai.

Wako watakaotuuliza: je, kule kubadili kwenyewe si hadaa? Tunajibu kwamba sivyo. Kitu ni cha mwenyewe, na kukitengeneza apendavyo ni halali kwake maadamu hadhuru mtu wala hafanyi israfu. Hata idara ya nchi hii kwa miaka mingi ilikuwa na hesabu ya alama ya kujua kama motokaa iliyogeuzwa sana ingali ile ile: chesisi ilipewa alama tano, mashine ikapewa moja tu. Wala hatuoni vibaya desturi ya wengine kuihifadhi mashine ya asili, ikapakwa mafuta na kufunikwa, ili atakaye kuirudisha siku moja airudishe. Haramu ni kuficha. Katika fikihi yetu muuzaji ni wajibu wake kubainisha aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha.

Enyi wazazi, haya si ya Uingereza peke yake. Kwetu Mombasa, Unguja na Dar es Salaam motokaa hununuliwa zikiwa zimekwisha tumika, na mashine hubadilishwa kila siku. Mnunuapo, linganisheni nambari ya mashine na iliyoandikwa katika kadi, na ulizeni breki kabla ya kuuliza mwendo. Muuzapo, semeni, hata kama bei itashuka. Wazee wetu walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na watoto wenu wawasikie mkisema, kwani mtoto aliyemwona baba yake akitaja aibu ya bidhaa yake amekwisha soma mlango mzima wa fikihi kabla ya kufika kwetu chuoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye ufundi na ndimi zenye kweli, na awabariki mafundi wetu wote katika chumo lao la halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.