Vlkolínec: Kijiji Unachoingia kwa Tiketi

Mwenzenu sisafiri bila kamera shingoni, na kule Vlkolínec kamera hiyo hiyo ndiyo iliyoniumbua.

Nililala Ružomberok, mji mdogo wa kaskazini mwa Slovakia, asubuhi nikapanda kwa miguu. Nilihema, acheni tu! Kijiji kipo mita 718 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Sidorovo. Ukifika unakata tiketi, kisha unaona nyumba zimepangana kando ya njia, na kijito kinateremka katikati.

Nyumba zenyewe ndizo raha. Ni magogo yaliyolazwa juu ya msingi wa mawe, yakakandikwa udongo na kupakwa rangi: nyeupe, bluu, pinki. Mimi niliyewahi kukandika nyumba ya bibi yangu kwa mikono hii nilisimama nikaupapasa ukuta kama mwehu.

Kijiji kinatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1376. Watu wake walikata miti, walichunga mifugo na kulima vishamba vyembamba vinavyopanda mlimani. Mnara wa kengele, wa mbao mtupu, ni wa mwaka 1770. Kisima chao cha magogo ni cha 1860. Mwaka 1944, wakati wa vita, sehemu ya nyumba iliteketea kwa moto. Zilizobaki, kama 45 hivi, ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993.

Sasa hapo ndipo penye utamu na uchungu. Wageni humiminika kwa maelfu kila mwaka, lakini wakazi wa kudumu hawafiki 20. Vijana walishashuka mjini kufuata kazi. Nyumba nyingi zinafunguliwa wikiendi tu, na huwezi kubadili dirisha upendavyo, maana ni urithi wa dunia nzima. Kuna wakazi waliowahi kusema hadharani kwamba wangependa kijiji chao kitolewe kwenye orodha hiyo.

Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya kusafiri. Lakini nilipoona kidirisha chenye maua mekundu, nikasogea, nikainua kamera. Loo! Ndani alikuwepo bibi mmoja mezani, kijiko kiko mkononi, anakula supu yake. Tukatazamana. Hakugomba wala hakupunga mkono. Aliweka kijiko chini, akainuka taratibu, akavuta pazia.

Nilibaki pale nimeshika kamera, uso unaniwaka. Neno la Kislovakia nililolijua lilikuwa moja tu, la kusalimia, nikaliambia pazia: “Dobrý deň.” Kimya.

Picha ile nilishaipiga. Niliifuta nikiwa kisimani, kabla sijaanza kuteremka. Nyumbani waliponiuliza mbona nimeleta picha za kuta na mnara tu, hakuna hata mtu mmoja, niliwaambia watu wenyewe walikuwa wanakula.