Posho Ilipokwisha

Mama yangu alihesabu miaka kwa njaa na kwa uvamizi. Mwaka niliozaliwa hauna jina, alikuwa akisema, kwa sababu mvua ilinyesha na mbuzi wakazaa, nani aukumbuke? Lakini mwaka niliobatizwa una jina linalojulikana Turkana nzima: Lopiar, ule uliofagia. Ulianza 1979 ukaisha 1981, maana kwetu mwaka wa njaa haufuati kalenda. Idi Amin alikuwa ameanguka Uganda, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto likaporwa, na wavamizi waliozoea kuja na mikuki wakaja na bunduki. Mifugo iliyosalimika ikauawa na maradhi, kisha ukame. Baba alibaki na fimbo ya kuchungia na hana cha kuchunga.

Tukashuka hadi kambi ya chakula karibu na Lodwar, mama, nyanya, mimi na wadogo zangu wawili. Nakumbuka Landrova ya padri kabla sijamkumbuka padri mwenyewe. Ilikuja na vumbi lake, nyuma ina magunia, na watoto tuliikimbilia tukiimba. Asubuhi, chini ya mti, palikuwa na mgao wa posho. Jioni, chini ya mti uleule, palikuwa na mafundisho. Hakuna aliyesema kwamba asiyebatizwa hali. Wasiobatizwa walikula kama sisi. Ila mwenye njaa hasomi kanuni, anautazama mkono. Mkono uliotupa unga asubuhi ndio uliotuchorea ishara ya msalaba jioni, na sisi hatukuona kwamba hayo ni mambo mawili. Baadaye, nilipoanza shule mjini, watoto wa wafanyabiashara walituita Wakristo wa posho. Jina hilo liliniuma miaka mingi kwa sababu sikuwa na la kulijibu.

Nilipokua ndipo nikajua kwamba imani na gunia viliingia Turkana kwa mlango mmoja. Wakati wa ukoloni wilaya yetu ilikuwa imefungwa; mtu hakuingia bila kibali, na wamisionari hawakutakiwa. Serikali iliiona Lodwar kuwa mahali pa kumsahaulia mtu, ndiyo maana Jomo Kenyatta aliletwa kuzuiliwa hapa mwaka 1959. Kilichofungua mlango ni njaa kubwa ya 1960 na 1961. Serikali ilihitaji watu wa kulisha wenye njaa, na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrisi kutoka Kiltegan, Ireland, wakaingia. Masista wa tiba wa shirika la Medical Missionaries of Mary wakafuata mwaka 1962. Kanisa la Africa Inland likajenga kituo Lokori, kusini. Kufikia 1978 Lodwar ilikuwa jimbo kamili la Kikatoliki, na John Mahon, mmoja wa wale Waairishi, ndiye askofu wake wa kwanza.

Walichokikuta hakikuwa kiwanja kitupu. Nyanya alimwomba Akuj kila alfajiri, naye Akuj hakai mbali na mvua, kwa maana jina lake na neno letu la kusema juu, kuju, ni ndugu. Tulikuwa na emuron, aliyeota ndoto za mvua na kurusha viatu vyake chini asome jinsi vilivyoanguka, au kusoma matumbo ya mbuzi na kuwaambia wazee adui atatokea upande gani. Wale mapadri walifanya jambo la busara: hawakuleta jina jipya la Mungu. Walisema Akuj. Nyanya alimsikiliza yule padri wetu siku tatu, ndevu zake nyekundu zikichuruzika jasho, kisha akatoa hukumu: "Akuj tunamjua. Huyu mtoto wake ndiye mgeni. Basi akae, tumwone."

Akae, tumwone. Sikujua wakati ule kwamba nyanya alikuwa amesema yote.

Mvua iliporudi, magunia yalipungua. Mradi wa serikali wa kuwarudisha watu katika maisha yao, ulioanzishwa 1980, ukawa unawapa watu chakula kwa kazi: kuchimba mabwawa, kupanda miti. Wengi waliopata mbuzi wachache walirudi malishoni na medali zao za ubatizo shingoni katikati ya shanga, na mti wa mafundisho ukabaki na vikongwe, akina mama na sisi watoto wa shule. Padri hakuondoka. Alikaa kwenye nyumba ya mabati iliyokuwa tanuri, akaugua malaria hadi ngozi ikawa ya manjano, akajifunza Kiturkana kwa makosa ambayo bado tunayasimulia misibani ili watu wacheke.

Nilipokuwa kidato cha pili nilimuuliza mama waziwazi: "Ulibatizwa kwa sababu ya posho?" Alikuwa anasuka mkeka wa mkoma. Hakukasirika. "Posho ilikwisha, mwanangu," akasema. "Ilipokwisha nikatazama ni nani amebaki."

Mwaka 1992 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninajua Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza cha kuandikia barua. Hiyo ilinitosha kuajiriwa karani wa mgao Kakuma. Kakuma wakati huo ilikuwa maduka machache kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu. Waandishi wa nje hupenda kuandika kwamba jina hilo kwa Kiswahili maana yake ni "mahali pasipokuwapo". Kila ninapoisoma habari hiyo najiuliza ni Mswahili gani aliwaambia. Mahali palikuwapo, na watu wake walikuwapo, na walikuwa na kiu.

Kapoeta ilipotekwa na jeshi la Khartoum mwezi Mei mwaka huo, watu wakavuka mpaka hadi Lokichoggio, kisha wakaletwa kwetu. Miongoni mwao walikuwa maelfu ya wavulana wasio na wazazi, ambao dunia ingewaita baadaye Wavulana Waliopotea wa Sudan. Walikuwa wametembea kwenda Ethiopia, wakafukuzwa na vita huko mwaka 1991, wakatembea tena. Mimi nilikuja na kalamu na daftari kuandika majina. Nilichokiona kikanitatiza. Kabla vyoo havijakamilika, wavulana wale walikuwa wamefinyanga matofali ya udongo na kujenga kanisa. Hakuna padri aliyewaletea. Misalaba walikuja nayo, ya mbao, mirefu kama fimbo za kuchungia, na nyimbo za Kidinka wakiwa nazo kichwani. Jumapili sadaka ilikuwa mahindi: kila mmoja alichota kidogo katika mgao wake wa wiki mbili, mgao nilioupima mimi mwenyewe na kujua hautoshi, akamimina kapuni.

Mimi Mkristo wa posho nilisimama mlangoni nikaona imani inayotoa posho badala ya kuipokea.

Ofisini mambo yalikuwa mengine kabisa. Shirika lililoniajiri lilitufundisha kwamba msaada haubebi dini. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada walikubaliana kanuni za maadili, na mojawapo yasema wazi kuwa msaada usitumiwe kueneza msimamo wa siasa wala wa dini. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, watu wakasukumana, bibi kizee wa Kisudani akaanguka. Nikamwinua, nikamwombea kwa sauti, nikamwekea kopo moja juu ya haki yake. Mkubwa wangu aliniita hemani. Aliniambia hapa hakuna Mkristo wala Mwislamu, kuna kadi ya mgao. Nikapewa barua ya onyo.

Nilirudi kitandani nimefura hasira. Nilijiona shahidi wa imani. Hasira haikupita usiku ule. Ilipita miezi kadhaa baadaye, nilipomwona mzee mmoja wa Kisomali akiisogelea meza yangu huku akiutazama msalaba niliouvaa. Alisimama kidogo, akatazama mahindi, akatazama tena msalaba. Nikaijua hesabu aliyokuwa akiipiga. Ni ile niliyoipiga mimi nikiwa mtoto. Nikauingiza msalaba ndani ya shati.

Na kanuni ile haikuwa ya wasioamini peke yao. Walioshika shughuli nyingi za kambi tangu 1992 ni Shirikisho la Walutheri Duniani, lenye kanisa ndani ya jina lake, nao hawakuhubiri kwenye foleni. Wasalesiani wa Don Bosco walifungua mafunzo ya ufundi, kushona na kuchomelea vyuma, na aliyeshika mashine hakuulizwa anasali wapi. Walikuwa wamegundua kwamba neno na gunia vinaweza kuachana, jambo ambalo Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliligundua kwa Wamasai wa Loliondo, Tanzania. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni ina shule, ina hospitali, ina urafiki mwingi na Wamasai, na hakuna anayezungumza nao habari za Mungu. Akaomba aende kwenye maboma mikono mitupu, azungumze tu, na wakimkataa wamkatae. Kitabu alichokiandika kikatoka 1978. Nilikisoma Kakuma kwa taa ya chemli, nikacheka peke yangu: yeye alitaka neno liachane na gunia, mimi nimepewa barua ya onyo kwa kutoviachanisha.

Ila nisiifanye kanuni kuwa takatifu. Nje ya kambi walikuwako Waturkana wenzangu, wasio na kadi. Waliuza kuni na makaa kwa wakimbizi wapewe mahindi, wakarudi nyumbani na gorogoro moja mahali pa mzigo wa kuni wa siku nzima. Wazee waliniuliza: enzi za mapadri, aliyekuwa na njaa alilishwa, hawa wazungu wapya wanauliza kwanza umetoka nchi gani? Sikuwa na jibu la kuwapa, na sina hadi leo.

Katika miaka ya 2010 alikuja ofisini kwetu msichana wa Ireland, mhasibu. Aliniona nikifanya ishara ya msalaba kabla ya kula, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya zamani ya nyumba yao. Alisema bibi yake alifanya hivyo. Yeye mwenyewe hakuwa ameingia kanisani, ila kwa harusi na mazishi, tangu shule ya msingi. Kwao, akasema, kutaja Mungu mezani ni kama kuuliza mtu mshahara wake. Nilistaajabu. Mwaka ule Waairishi walipoingia Turkana, 1961, Wakatoliki kwao walikaribia 95 katika kila watu 100. Sensa ya 2022 ingewakuta 69, na wengi wao wa jina tu. Kisima tulichochotewa maji kilikuwa kinakauka, nasi tulikuwa bado tunashukuru ndoo.

Niliona nafasi yangu imefika. Wikendi moja nikampeleka Lodwar kwa mama, nimejiandaa kutafsiri mahubiri. Mama alimkaribisha kivulini, akampa maziwa katika kibuyu, akamuuliza habari za mama yake, kama ana ng'ombe, kama baridi ya kwao inaua mifugo. Jua likazama. Njiani kurudi nilikuwa nimenuna. Nilipompigia mama simu kumuuliza mbona hakumwambia kitu, akashangaa. "Yule padri siku za kwanza naye alikuja hajui kitu," akasema. "Tulimpa maziwa. Akae, tumwone."

Msichana alirudi kwa mama mara nne, peke yake, kabla mkataba wake haujaisha. Walizungumza nini bila mkalimani, sijui. Hakuanza kusali, au hakuniambia. Mimi ndiye niliyebadilika. Tangu siku ile sijamhubiria mwenzangu wa kazi ambaye hajaniuliza, na nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa usiku, hasa baada ya msiba.

Sasa Lodwar ni makao ya kaunti. Sanamu ya Yesu imesimama mlimani mikono wazi, chini yake bodaboda, hoteli na vipaza sauti vya makanisa mengi. Waairishi karibu wote wamerudi kwao au wamelala makaburini, na wengi wa mapadri ni Waafrika, Waturkana wakiwemo. Mama alifariki. Mwanangu wa kwanza amesoma chuo kikuu na haendi kanisani. Aliniuliza siku moja kwa utulivu ulioniumiza kuliko dharau: "Baba, mliuza viatu vya emuron kwa gunia la unga?" Nilimwambia maneno ya nyanya yake kuhusu posho iliyokwisha. Akasema hayo ni maneno mazuri.

Mwaka 2025 fedha za wafadhili, za Marekani kwanza, zilikatwa. Mgao wa Kakuma ukashuka hadi chini ya nusu, watu wakaandamana, familia zikapangwa kwa makundi na kundi la mwisho likaambiwa halina kitu. Wafanyakazi wengi wa mashirika walifunga mabegi. Jumapili moja mwanangu alinipeleka kwa gari kumwona rafiki mgonjwa, tukapita kwenye kanisa la udongo la Wakongomani, ambao Kiswahili chao kimewafundisha vijana wetu nusu ya nyimbo wanazoimba leo. Ilikuwa saa ya sadaka. Kapu lilipita, na waliotia walitia mahindi ya kujaza kiganja, si kopo tena. Baada ya ibada mama mmoja alikaa mlangoni akiyagawa kwa gorogoro isiyojaa, na katika waliosimama mbele yake nilimwona mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga, asiye na kadi ya aina yoyote. Hakuulizwa.

Mwanangu alitazama yote akiwa ameegemea gari. Hakusema kitu kwa kilomita zaidi ya mia, hadi taa za Lodwar zilipoonekana.

"Nyanya angeuita huu mwaka jina gani?" akauliza.

Nikamwambia haujaisha.