Mchekeshaji aliyeanzisha chama kupitia blogu, wafuasi wakaja kumwondoa

Leo tuweke pembeni nani kaachana na nani. Kila nikigusia ugumu wa maisha humu, lazima atokee mtu kwenye komenti: "Si uanzishe chama kabisa, wafuasi unao!" Mimi huwa nacheka tu. Ila kuna jamaa wa Italia alikuwa analipwa kuchekesha watu, na yeye alipoambiwa hivyo hakucheka.

Anaitwa Beppe Grillo. Mwaka 1986 alirusha utani kwenye runinga kuhusu wizi ndani ya chama cha waziri mkuu wa wakati huo, na baada ya hapo kwenye runinga ya taifa akaanza kupotea. Akahamia majukwaani. Mwaka 2005 akafungua blogu na mwenzake Gianroberto Casaleggio, mtu wa mambo ya intaneti. Ikawaka kinoma.

Sasa sikia utamu. Wale wasomaji hawakuishia kwenye komenti. Walianza kukutana ana kwa ana, mji kwa mji. Septemba 8, 2007 wakakusanya saini zaidi ya 300,000 wakidai vitu vinavyoeleweka: aliyepatikana na hatia mahakamani asiwe mbunge, na ubunge uwe vipindi viwili tu, basi, mwachie mwenzio.

Wakubwa wakawachukulia poa. Oktoba 4, 2009, mjini Milan, wakazindua Vuguvugu la Nyota Tano. Nyota zenyewe ni maji yabaki mali ya umma, mazingira, usafiri usiochafua hewa, maendeleo yasiyoharibu kesho, na intaneti kwa wote. Wagombea walipigiwa kura na wanachama mtandaoni.

Uchaguzi wa 2013, karibu mtu mmoja kati ya wanne aliwapigia kura. Grillo mwenyewe hakugombea. Aliwahi kuhukumiwa kwa ajali ya gari iliyoua watu, na sheria ya chama chake ikamkata yeye kwanza. Hapo nilimpa heshima yake.

Mwaka 2018 wakapata zaidi ya asilimia 32, wakawa chama cha kwanza kwa kura. Kiongozi wao, Luigi Di Maio, hakumaliza chuo, lakini akawa naibu waziri mkuu akiwa na miaka 31. Mimi niliyeishia fomu foo, niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo. Nimeshazoea kuambiwa siasa ni za wasomi na watoto wa wakubwa.

Na kazi walifanya. Mwaka 2019 wakaanzisha malipo ya serikali kwa wenye kipato duni. Wabunge wakapunguzwa kutoka 945 hadi 600, na wananchi wakabariki kwa kura ya maoni 2020.

Ila madaraka yana mambo yake. Waliokuwa wanavitukana vyama vya zamani wakalazimika kutawala navyo, leo na huyu, mwaka unaofuata na yule. Watu wakachoka. Mwaka 2022 wakashuka hadi asilimia 15 hivi. Di Maio alikuwa ameshahama, na ubunge akaukosa.

Halafu likaja la 2024. Wanachama wakapiga kura mtandaoni kufuta cheo cha ulezi wa chama alichokuwa nacho Grillo. Akadai irudiwe. Ikarudiwa Desemba. Jibu lilelile.

Wengi watasema alisalitiwa. Mimi naona tofauti. Miaka yote aliwaambia watu sauti yao ni sawa na ya mkubwa yeyote, wao wakaamini. Kama kweli chama ni cha watu, basi na mwanzilishi ni mtu mmoja kati yao.

Kinachoniuma ni upande wetu. Hasira tunazo, bando tunanunua, komenti tunashusha mpaka saa nane usiku. Lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa, viti vinakaliwa na wazee watupu, na wao ndio wanaotuamulia. Wale Waitaliano walianza na hasira kama zetu, tofauti ni kwamba walitoka ndani wakakutana.

Haya mdau, niambie ukweli: kijana wa mtaani kwako akianzisha chama kesho, utaenda kwenye kikao cha kwanza, au utamwekea emoji ya moto halafu uendelee kuperuzi? Dondosha komenti hapo chini, nazisoma zote.