Kumngojesha Aliyekwisha Kushinda



Jioni, baada ya masifu na chakula, wakati betri ya sola bado ina nguvu, sisi hapa nyumba ya mapadre Mabamba hujipa nusu saa ya mchezo wa sataranji, ambao vijana huuita chesi. Tunacheza katika simu, kwa njia ya intaneti, na watu tusiowajua sura wala sauti. Kila mchezaji hupewa dakika zake, na saa yake hutembea zamu yake inapofika. Kando ya ubao kuna alama ndogo ya bendera. Anayeona kwamba hana njia tena huigusa, na mchezo huisha papo hapo.

Juma lililopita hatukuigusa. Tulikuwa tumempoteza malkia kwa uzembe mapema kabisa, kisha ngome moja, kisha nyingine. Mwishowe tulibaki na mfalme na askari wawili waliozuiliwa, mbele ya malkia na ngome mbili za mpinzani. Zamu ilikuwa yetu, na saa yetu ilikuwa bado na dakika kumi na moja. Tuliilaza simu mezani tukaenda kuchemsha chai. Moyoni tulijiambia kwamba huenda mwenzetu atachoka, au mtandao wake utakatika.

Kijana mmoja wa kwaya, aliyekuja kuchukua ufunguo wa kanisa, aliikuta simu pale mezani, akaitazama saa ikienda bila kete kusogea. Akauliza kwa upole: "Padre, si umeshafungwa? Mbona unamngojesha mwenzako?"

Hatukuwa na jibu. Swali lile limekaa nasi juma zima, na leo tunalileta kwenu.

Kwa sheria, tulikuwa na la kujitetea. Kanuni za FIDE, yaani shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamruhusu mchezaji kutangaza kwamba ameshindwa, lakini hazimlazimishi. Anaweza kucheza mpaka mfalme wake anaswe, na dakika alizopewa ni zake. Lakini adabu huanza mahali ambapo sheria imenyamaza. Wanapocheza ana kwa ana, mwenye kushindwa husimamisha saa na kutoa mkono. Wengine humlaza mfalme wao ubaoni. Wazee wetu wanaocheza bao, lile la mashimo 32 na kete 64, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Barazani uso wa mwenzako uko mbele yako, na watazamaji wanaona wazi mchezo umefika wapi. Nani angethubutu kuinuka na kwenda kuchemsha chai huku mwenzake ameinamia ubao? Simu imetuondolea uso ule, nasi tukadhani aibu nayo imeondoka.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusikimbilie kusema kwamba kila aliyezidiwa hana budi kuinua bendera. Mwanafunzi wa mchezo huu hufaidika akicheza hadi mwisho, maana ndipo anapojifunza jinsi mfalme anavyonaswa. Tena anayeongoza akizembea, anaweza kumwacha mfalme wa mwenzake bila kushambuliwa na bila hatua yoyote ya kuchukua. Hapo matokeo huwa sare. Hata mabingwa hukata tamaa mapema mno. Mwaka 1997 huko New York, Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alikubali kushindwa na kompyuta ya Deep Blue katika mchezo wao wa pili. Baadaye wachambuzi walisema kwamba alikuwa bado na njia ya kupata sare. Tumkumbuke pia Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyejifunza kwa mwalimu Robert Katende mahali ambapo watoto walipewa uji, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi. Mtoto wa namna ile angeshauriwa kukubali kushindwa mapema, leo tungemjulia wapi?

Basi tofauti iko wapi? Anayeendelea kucheza anapigana, na kwa kupigana anamheshimu mpinzani wake. Anayeinua bendera anamheshimu pia, kwa kumwambia: nimeona, umecheza vema. Sisi tulioiacha saa iende hatukupigana wala hatukukubali. Tulikuwa tunamwadhibu mtu kwa kosa la kutushinda, kisha tukajifariji kwamba huo ni uvumilivu. Mwinjili Luka, katika sura ya 14, anatusimulia mfano wa mfalme mwenye watu elfu kumi aliyesikia kwamba mwenye elfu ishirini anamjia. Huyo huketi kwanza na kupima. Akiona hawezi, hutuma wajumbe wa amani wakati mwenzake bado yuko mbali. Anakubali mapema, angali na kitu cha kuokoa.

Nasi tukiri jambo moja, maana tafakari hii isipotugusa sisi kwanza haitamfaa mtu. Baada ya mavuno yaliyopita, mzee mmoja wa halmashauri ya parokia alitushauri tusiuze upesi mahindi ya shamba la parokia. Sisi tuliuza. Bei ikapanda, na fedha tuliyopata haikutosha kuezeka kigango kimoja kama tulivyokuwa tumeahidi. Tangu wakati huo tumeahirisha kikao cha halmashauri mara tatu, na kila mara sababu ilikuwa ya kweli. Mzee yule hajalalamika. Kila Jumapili anatusalimia, anangoja. Kumbe saa ilikuwa yetu, na dakika tulizokuwa tunazimaliza zilikuwa zake.

Kikao kitafanyika Jumapili hii baada ya Misa ya pili. Tutasema mbele ya wajumbe wote kwamba mzee alisema kweli na sisi tulikosea, kisha tutaomba shauri lake kuhusu paa.

Na ule mchezo? Kijana alipoondoka tuliinua simu. Dakika nne zilikuwa zimebaki. Tuliigusa bendera, tukamwandikia mwenzetu neno la kumpongeza na kumwomba radhi kwa kumngojesha. Alijibu upesi kwamba haidhuru, akatualika tucheze tena.

Juma hili tujiulize, katika ndoa zetu, katika mashauri ya mipaka ya mashamba, katika ugomvi wa ndugu kwa ndugu: ni nani ambaye tayari ana haki, nasi tunamngojesha tu?