Mita Elfu Mbili Zilizobaki

Kericho, Jumamosi, 8 Februari 2025

Maji ya bwawa la hoteli yana baridi ya kukata. Mwalimu wa kuzamia, Mdigo aliyeoa huku Litein, amekuja ukweni na mitungi ya hewa kwenye gari. Asubuhi yote kazi moja tu: jaza miwani maji, kisha uyatoe kwa kupuliza puani. Mdomo unavuta hewa, pua imelowa, na mwili unakataa kabisa kuamini kwamba hauzami. Nilirudia mpaka moyo ukatulia.

“Usibane pumzi, dada. Hata ukishtuka, vuta, toa.”

Saa nane mvua ya mawe ikatufukuza. Kericho ni Kericho.

Jumapili, 23 Februari

Kumbe lile neno la pumzi ndilo kubwa kuliko yote. Kina cha mita 10 baharini, presha ni mara mbili ya ile ya juu. Hewa uliyoivuta chini, ukipanda nayo umeibana, inataka nafasi maradufu, na mapafu hayana pa kuiweka. Mama bado anauliza habari za papa.

Mdogo wangu anasema tufanyie mazoezi kwenye bwawa la shamba la chai, bure. Mwalimu amekataa. Tope halionyeshi hata mkono wako, na huku juu hewa ni nyepesi: mita 12 za hapa huhesabiwa kama 15 za pwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka zamu ya usiku kiwandani, nguo zinanuka majani mabichi, usingizi hauji. Najisomea safari ya kuzamia Kisite, pwani. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika. Mita 5, simama dakika 3. Utoke majini mtungi ukiwa bado na baa 50.

Ila kinachonishughulisha ni basi la kurudi nyumbani. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, naitrojeni hubaki mwilini, na presha ya nje ikishuka hugeuka mapovu. Ndege usipande kabla ya saa 18 kupita, angalau. Barabara ya kwetu nayo inapanda: Nairobi mita 1,700, Mau Summit zaidi ya 2,400, ndipo uteremke Kericho. Mtu wa Shimoni akifika juu ya maji amemaliza. Mimi bado nina mita 2,000 za kupanda, na mapovu hayajali kama ni ndege au basi la usiku.

Nimeomba siku moja zaidi ya likizo, nilale Ukunda. Penye sababu nimeandika: kusubiri naitrojeni itoke. Karani amesoma mara mbili, akagonga muhuri.