Mwembe wa Sentimita 15

Vijana wa kikundi chetu hapa Nyarugusu walipoamua kuunda reli ya Kalemie kwa waya na maboksi, treni yenyewe haikutusumbua. Wengi wao wanatengeneza magari ya waya tangu utotoni. Kazi ilikuwa kwenye miti.

Wapenzi wa reli ndogo za mfano kule Ulaya hutumia sana kipimo cha 1 kwa 87. Sisi tulichukua 1 kwa 100, hesabu iwe rahisi. Mwembe wa mita 15 unakuwa sentimita 15, na mtu mzima anayengoja treni chini yake hafiki hata sentimita 2.

Unachukua nyuzi 16 za waya mwembamba, unazisokota pamoja ziwe shina, halafu unazigawa: 8 na 8, 4 na 4, mpaka kila kitawi kibaki uzi mmoja. Ncha za chini unazitandaza ziwe mizizi. Unapaka gundi ya mbao, unanyunyizia majivu na udongo uliochekechwa, maana shina la mwembe ni la kijivujivu, si kahawia kama tunavyochora shuleni. Majani ni sponji ya godoro kuukuu, iliyokatwakatwa na kutiwa rangi. Acha matundu, mbingu ionekane. Bila matundu, umetengeneza kabichi.

Reli ile ilifika ziwani mwaka 1915. Kambi hii ilifunguliwa 1996, na vijana wangu wengi wamezaliwa humu. Basi tukawaita wazee watueleze stesheni ilivyokuwa. Wakabishana mpaka jioni, eti mwembe mkubwa ulikuwa upande gani.

Siku ya kupanda miti, binti mmoja akaleta wa kwake. Upande mmoja hauna matawi, vimebaki visiki tu, kama mti uliokatwa kuni.

“Huu si wa kwetu,” mzee mmoja akasema.

“Babu, mimi mwembe ninaoujua ndio huu.”

Mzee akanyamaza. Mimi nikaupanda mbele ya stesheni.

Wazee bado wanasema si mti wa Kalemie, na ni kweli. Ila watoto wakija kutazama, huo ndio wanaounyooshea kidole kwanza. Wanautambua. Kisha ndipo wanauliza treni inaenda wapi.