Mti wa Bibi umechanua

Najua nimepotea, na wengine mmeniuliza kama bado nipo mjini. Nipo. Leo siasa tuziweke kando kidogo, maana nyumbani kwangu kuna jambo.

Mti wa Bibi umechanua!

Huu mti vitabuni unaitwa plumeria, kwa jina la mtawa wa Kifaransa, Charles Plumier, aliyezunguka visiwa vya Karibi akichora mimea. Wengine huuita mfranjipani. Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati na Karibi, lakini umeshazoea pwani yetu kama mwenyeji. Sisi pale Tanga tuliuita tu mti wa Bibi. Ulikuwa mbele ya baraza, na maua yake meupe yenye kiini cha njano yalianguka mchangani kila asubuhi. Tuliyaokota kabla hayajafagiliwa.

Bibi alifariki 2020. Familia ikakaa kikao cha nyumba wiki ya uchaguzi, Oktoba. Mimi sikwenda. Nilikuwa na kazi, si mnajua uchaguzi ulivyo kwa mwandishi? Nikasema nitakuja wiki ijayo. Dada alikaa kikaoni peke yake na wajomba. Alipinga nyumba isiuzwe, akashindwa. Juni 2021 aliyenunua akaanza kukata miti ajenge fremu za maduka.

Siku hiyo nikapata ujumbe wa dada: "Mzigo wako uko kwenye basi. Kapokee." Basi. Hata salamu hakuna. Nikaenda stendi ya Mbezi, nikakuta vijiti vitatu, kila kimoja kama mkono wangu hadi kiwikoni, vimefungwa kwenye gazeti. Gazeti letu. Sijui kama alikusudia, na sijawahi kumwuliza.

Viwili nilivipanda usiku uleule kwenye ndoo za rangi, udongo mweusi wa bustani, maji asubuhi na jioni. Ndoo sikuzitoboa. Wiki tatu tu vikawa laini na vyeusi chini kama ndizi iliyooza. Cha tatu sikuwa na ndoo yake, nikakiegemeza nyuma ya mlango nikakisahau. Baada ya wiki mbili hivi, kidonda chake kilikuwa kimekauka kabisa, utomvu umeganda. Ndivyo inavyotakiwa, kumbe! Kijiti cha mti huu lazima kikae kikauke kabla ya kupandwa, la sivyo maji yanaingia kwenye jeraha kinaoza. Nikakiweka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ndoo ina matundu safari hii, maji mara moja moja. Kikashika.

Halafu ikawa majani. Majani makubwa ya kujivunia, 2022, 2023, na ua hakuna hata moja. Muuza miche mmoja wa Barabara ya Bagamoyo alinicheka. Akaniuliza, unautilia nini? Urea. Unakaa wapi? Barazani, kivulini, jua lisiuchome. Akasema kaka, wewe unafuga majani. Urea ni naitrojeni tupu, na naitrojeni hulisha majani. Akanipa samadi iliyooza vizuri na mbolea yenye fosforasi zaidi, akaniambia nitafute jua la nusu siku au zaidi.

Nikauburuta hadi kona ya geti, jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mama mwenye nyumba akalalamika, nikamwahidi maua. Kipupwe cha 2024 majani yote yakapukutika, ukabaki mafimbo ya kijivu. Nilishika kopo la maji mara ngapi! Nikalirudisha. Mti huu hupumzika kiangazi, na ukiunywesha ukiwa umelala unaozesha mizizi.

Desemba 2024 nikaona kwenye ncha ya tawi kitu kama makucha madogo ya waridi. Sikupiga kelele. Siku ya tisa likafunguka la kwanza. Harufu yake inazidi usiku, inawaita nondo wanaokuja kutafuta asali ambayo haimo kabisa, ua lenyewe ni kavu. Nilikaa getini mpaka saa sita usiku kama mlinzi.

Nikampigia picha dada, nikamtumia bila maneno. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunaongea ya misiba na michango tu.

Akajibu kesho yake mchana: "Ni wenyewe. Nikatie kimoja."

Sasa hapo ndipo nimekwama. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, na mti wangu una matawi matatu tu. Kumkatia dada ni kukata moja lenye maua. Nimemwambia asubiri maua yaishe, nitakata mwishoni mwa kiangazi, nikikaushe wiki mbili. Ameniuliza kama nitatuma kwa basi.

Nimemwambia hapana, nitakileta.